Leza ya shule imefifia. Je, bado ni hatari?

Ndugu washauri, salamu kutoka Igoma, Mwanza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Mwaka jana tulinunua mjini kalamu ya leza ya kijani kwa shilingi 15,000. Tumekuwa tukiitumia kwenye somo la mwanga na kuonyeshea ukutani tunapopata projekta. Mwezi uliopita ilianguka sakafuni na tangu hapo mwanga wake umefifia sana. Nimebadilisha betri, hakuna kitu. Walimu wenzangu wanasema sasa haina madhara kwa sababu imeisha nguvu. Mmoja wao nilimkuta anachungulia tundu lake huku amebonyeza, eti anaangalia kama kuna vumbi.

Wiki iliyopita wanafunzi waliichukua mezani wakaichezea. Binti wa kidato cha pili alimulikwa jicho la kulia kwa karibu. Hakulia, jicho halikuwa jekundu, tukaona ni la kupita. Jana ameniambia kwamba akisoma, herufi za katikati ni kama zimepinda.

Nimesikia kuwa leza za kijani hutoa pia mwanga usioonekana. Ni kweli? Na shule isiyo na kifaa itaupimaje? Halafu shemeji yangu, anayevua dagaa kule Igombe, ameniomba hiyo leza "kwa kuwa imeshachoka", waitumie kuitana mtumbwi kwa mtumbwi usiku. Nimpe? Wakivaa miwani ya jua au ya kuchomelea itawakinga?

Mwalimu wa Fizikia, Igoma

JIBU

Mwalimu, fizikia itasubiri. Kwanza binti.

Apelekwe kliniki ya macho leo au kesho asubuhi, asisubiri likizo. Hapo Mwanza mna Bugando na Sekou Toure. Kukosa maumivu na wekundu hakumaanishi chochote hapa, kwa sababu retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Leza inaweza kuchoma sehemu ya katikati ya retina, ile tunayosomea na kutambulia sura za watu, na mwenye jicho asihisi kitu zaidi ya mwanga mkali uliopita. Dalili zake ni kama hiyo anayoitaja: mistari au herufi kupinda, doa la kijivu au jeusi linalokaa palepale kila anapotazama, au rangi kupauka katikati. Doa linalobaki baada ya kumulikwa kisha likayeyuka ndani ya dakika chache ni kiwi tu. Lililolala na kuamka naye si kiwi.

Wakati mnasubiri usafiri, fanyeni kipimo kidogo. Chukua karatasi ya grafu, chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, piga mistari kila nusu sentimita kwenda chini na kwenda kando, kisha weka nukta nyeusi katikati. Binti aishike sentimita 30 hivi kutoka usoni. Kama ana miwani ya kusomea, aivae. Afunike jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, akazie macho nukta, aseme ni mistari ipi inapinda, inakatika au haionekani. Achore kwa penseli palipoharibika. Kisha afunike la kulia, arudie. Karatasi hiyo iende naye hospitali pamoja na maelezo manne: siku aliyomulikwa, jicho lipi, umbali, na maandishi yote ya kwenye lebo ya leza, ukiyapiga picha. Daktari akijua ni leza ya kijani na inaweza kuwa na infraredi, yaani ule mwanga usioonekana uliousikia, atajua cha kutafuta.

Msimtie dawa yoyote ya matone mliyonayo nyumbani, wala maziwa, wala majani. Jeraha liko nyuma kabisa ya jicho na dawa ya juu hailifikii. Hatutakuficha kwamba hakuna dawa iliyothibitishwa kulirudisha kama lilivyokuwa. Mengine hupungua yenyewe kwa wiki au miezi, mengine hubaki. Ndiyo maana tumeanza naye.

Sasa leza. Toa betri leo hii na uifungie. Na huyo mwalimu anayechungulia tundu mwambie aache, kwa sababu kufifia kwa kijani hakumaanishi kuwa leza imeisha nguvu.

Leza nyekundu za kalamu ni rahisi: ndani kuna diodi moja, kijitaa kidogo kinachotoa mwanga mwekundu wa nanomita 635 hadi 650 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), basi. Ya kijani ya bei nafuu haiko hivyo. Ina hatua tatu. Ya kwanza ni diodi ya pampu inayotoa mwanga wa nanomita 808, ambao tayari ni infraredi, na hata kwenye kalamu ndogo diodi hiyo mara nyingi ina zaidi ya miliwati 100. Mwanga huo unaingia kwenye fuwele yenye neodimiamu, ambayo inaunyonya na kutoa mwanga mwingine wa nanomita 1064, nao ni infraredi. Kisha fuwele ya pili, iitwayo KTP, inachukua huo wa 1064 na kuukata urefu wa wimbi nusu kwa nusu: nanomita 532, kijani unachokiona. Kila hatua inapoteza nguvu nyingi. Kwa hiyo kijani cha miliwati 5 kimezaliwa na infraredi iliyo mara nyingi zaidi ya hapo, na yote iko ndani ya bomba moja, inaelekea tundu moja.

Kinachoizuia isitoke ni kipande cha kioo cha kuchuja, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachobandikwa baada ya fuwele au karibu na lenzi ya mbele. Kinapitisha kijani, kinazuia infraredi. Viwanda vinavyobana gharama hukiacha. Kwenye leza iliyoanguka huenda kimebanduka, na kwenye iliyofunguliwa na fundi huenda kimedondoka mezani bila mtu kujua ni nini.

Na kuanguka kunafanya jambo la pili. Fuwele hizo zimegandishwa kwa gundi, zinatakiwa zikae kwenye mstari mmoja sawasawa. Zikisogea kidogo tu, hatua ya pili na ya tatu zinaharibika, kijani kinafifia. Lakini diodi ya pampu haijui hayo. Inaendelea kumwaga mwanga wake uleule. Ule ambao ungegeuzwa kuwa kijani sasa haugeuzwi, na kama kioo cha kuchuja hakipo, unatoka nje jinsi ulivyo. Baridi nayo inaweza kuleta hali hiyohiyo bila leza kuanguka: wimbi la diodi husogea karibu nanomita 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto, na fuwele inanyonya vizuri karibu na 808 tu, kwa hiyo diodi ikipoa sana kijani hupungua.

Haya si ya kubuni mezani. Mwaka 2010 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza leza ya kijani ya bei rahisi iliyouzwa kama ya miliwati 10. Kijani chake kilikuwa hafifu, ila infraredi iliyotoka ilikaribia miliwati 20. Mwaka 2013 taasisi hiyo ikatoa matokeo ya leza 122 za mkononi: karibu asilimia 90 ya za kijani na asilimia 44 ya nyekundu hazikufuata masharti ya usalama ya nchi ile, ambako kikomo cha leza ya kuonyeshea ni miliwati 5. Leza zinazouzwa barabarani kwetu huenda zinatoka kwenye viwanda vya namna hiyohiyo. Lebo iliyoandikwa "<5mW", yaani chini ya miliwati 5, ni karatasi tu mpaka ipimwe.

Kwa nini infraredi ni mbaya zaidi kwa jicho? Kwanza, inafika. Kuanzia nanomita 400 hadi 1400 mwanga unapita konea (kioo cha mbele cha jicho) na lenzi na kukusanywa kwenye retina, ijapokuwa tunaona hadi 700 na ushei tu. Mkusanyiko huo unaongeza ukali wa mwale karibu mara 100,000. Pili, jicho halijihami. Ukimulikwa na kijani kikali unapepesa kope ndani ya robo sekunde na kugeuza uso. Viwango vya leza dhaifu zinazoonekana, zile za chini ya miliwati 1, vimepangwa kwa kutegemea robo sekunde hiyo. Infraredi haikuambii kitu. Hupepesi, mboni haisinyai. Leza yenye kijani kikali na infraredi angalau ina kengele. Yako huenda imebaki na moto bila kengele, na mtu anaweza kuitazama sekunde kumi akitafuta vumbi.

Kuhusu kupima: inawezekana darasani kwa CD ya zamani na simu, na kwa mwalimu wa fizikia ni somo zuri la mtawanyo wa mwanga kwenye wavu, yaani mistari mingi iliyokaribiana sana kama ile ya CD. Ila ufanye mwenyewe kwanza, chumba kikiwa hakina wanafunzi.

Anza na simu. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera, bonyeza. Rimoti hutumia infraredi, nyingi karibu na nanomita 940. Ukiona taa yake inawaka zambarau au nyeupe kwenye skrini, kamera hiyo inaona infraredi. Kamera kubwa ya nyuma mara nyingi ina kichujio kizito na haioni vizuri. Ya mbele, ya kujipigia picha, mara nyingi inaona. Jaribu zote mbili, na simu za walimu wenzako pia.

Kisha panga mezani, chini kabisa ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama au aliyeketi. Chukua karatasi nyeupe ya A4, ilaze upana, toboa katikati tundu la milimita 5, isimamishe kwa kuibandika kwenye pembe ya boksi lenye tundu palepale. Leza ikae nyuma ya karatasi, imefungwa kwenye kitabu kwa mpira, mwale wake ukipita kwenye tundu. Kitufe kibanwe kwa kibanio cha nguo. Usiishike kwa mkono, mkono unatikisika na mwale utakwenda usikotaka. Mbele ya karatasi, sentimita 10 kamili, simamisha CD upande unaong'aa ukitazama karatasi, na nyuma yake weka kitabu kinene. Mwale ugonge CD mahali palipo karibu sentimita 4 kutoka katikati yake, upande wa kulia au kushoto, si juu wala chini. Hapo madoa yatajipanga kwa mlalo. Geuza CD taratibu mpaka mwale unaorudi moja kwa moja uingie tena kwenye tundu ulikotoka. Marekebisho haya yafanye leza ikiwa imezimwa, uwashe kwa sekunde moja moja kuangalia.

Mistari ya CD imeachana mikromita 1.6. Ukitumia kanuni unayoifundisha, d sin θ = nλ, kwa sentimita 10 unapata hivi: doa la kwanza la kijani liko sentimita 3.5 kutoka kwenye tundu, doa la nanomita 808 liko sentimita 5.8, na doa la pili la kijani liko sentimita 8.9. CD nyingine mistari yake imekaribiana zaidi, mikromita 1.5, kwa hiyo madoa yatakaa nje zaidi kidogo. Weka alama za penseli mapema.

Zima taa, funga pazia, washa leza, na utazame karatasi kupitia skrini ya simu ukiwa umesimama kando. Kwa macho utaona madoa ya kijani tu. Kwenye skrini, tafuta katikati ya doa la kwanza na la pili la kijani, pale kwenye alama ya sentimita 5.8. Likijitokeza doa la zambarau au jeupe ambalo jicho halilioni, hiyo ni 808, na maana yake leza haina kichujio au kimekwisha. Liangalie na upande wa pili wa tundu; linatakiwa liwepo pia, vinginevyo huenda ni mng'ao wa kitu kingine. Simu isiingie kamwe kwenye njia ya mwale, maana leza inaunguza kihisi cha kamera vilevile inavyounguza retina.

Mitego mitatu. DVD haifai: mistari yake imeachana mikromita 0.74, nanomita 808 haipati pa kutokea, utaona karatasi safi na kujidanganya. Wimbi la 1064 nalo huwezi kulitenga kwa njia hii, kwa kuwa 1064 ni mara mbili kamili ya 532 na doa lake linaangukia juu ya doa la pili la kijani; isitoshe kamera za simu zinaliona kwa shida. Na mtego mkubwa ni huu: doa likionekana, una jibu; lisipoonekana, huna. Kipimo hiki hakikwambii miliwati ngapi, wala hakisemi kama kijani chenyewe kimevuka 5. Kinaweza kuihukumu leza, hakiwezi kuitakasa.

Kwa leza yako, kwa kweli, tungekuwa sisi tusingehangaika kupima ili tuamue. Imeanguka, imefifia, imeshamdhuru mtu. Pima kwa ajili ya somo na kwa ajili ya daktari wa binti, kisha itoke kazini.

Miwani ya jua ni mbaya kuliko kutovaa. Inapunguza mwanga unaoonekana, mboni inapanuka, na plastiki nyingi za giza zinapitisha infraredi kama hazipo. Hili unaweza kuwaonyesha walimu wenzako kwa dakika moja: weka miwani ya jua mbele ya rimoti, tazama kwa kamera ile ile, bonyeza. Kwa miwani nyingi za sokoni utaiona taa ikipita. Miwani ya kuchomelea imetengenezwa kwa mwanga wa welding unaotawanyika pande zote, haijapimwa kwa mwale mwembamba wa leza, na ukiivaa huoni unakoielekeza. Miwani halisi ya leza imeandikwa kwenye fremu au lenzi wimbi inalozuia na kiwango cha OD. OD 4 maana yake inapitisha sehemu moja kati ya 10,000. Kwa leza kama hii utahitaji inayotaja 532, 808 na 1064 zote. Ile ya rangi ya chungwa iliyoandikwa 532 peke yake mara nyingi inaziacha nyingine zipite. Gharama ya miwani ya namna hiyo inazidi leza yenyewe mara kadhaa, na hapo ndipo hesabu inakuwa rahisi: nunua leza nyingine.

Shemeji usimpe. Tunajua ombi la shemeji lina uzito wake, lakini fikiria mazingira. Mtumbwi unayumba, mkono hautulii, mwale unapita nyuso za watu wa mtumbwi wa pili kila wimbi linapoinua. Aliye mbali na taa, gizani, mboni yake imepanuka hadi karibu milimita 7, inapokea yote. Maji yakitulia yanarudisha sehemu ya mwale kama kioo. Leza ya miliwati 5 tu inaweza kudhuru jicho hadi kama mita 16, na kutia kiwi mbali zaidi ya hapo, mamia ya mita, na aliyetiwa kiwi ndiye ameshika injini. Na kwa vile hiyo yako imefifia, wataishika karibu zaidi na kuitazama zaidi wakihakikisha kama inawaka. Uwanja wa ndege wa Mwanza nao uko ufukweni huko Ilemela, ndege zinashuka juu ya ziwa. Kijani kinachoelekezwa juu kinafika kwa rubani kikiwa kimetanuka na kujaza kioo chote cha mbele.

Cha kuitana usiku ni tochi ya LED ya kuchaji yenye kitufe cha kuwasha na kuzima haraka, na makubaliano: mfupi mara mbili njoo, mrefu mmoja nimekuona, mfululizo nina shida. Kama wanazo taa za sola kwa ajili ya dagaa, betri ileile itaichaji.

Kwa darasa, nunua nyekundu iliyoandikwa Class 2, chini ya miliwati 1, nanomita 635 au 650. Ya 635 inaonekana kali zaidi machoni kuliko 650 kwa nguvu ileile, kwa hiyo lipa tofauti ukiweza. Mkitaka kijani lazima, zipo siku hizi zenye diodi ya kijani moja kwa moja. Lebo yake husema 515 au 520, si 532, nazo hazina hatua za infraredi ndani. Ikiandikwa 532, ijaribu kwa CD kabla ya kulipa au iache. Dukani waweza kubeba CD, karatasi yenye tundu na simu kwenye mfuko mmoja. Muuzaji atakushangaa kidogo, mwache ashangae.

Ya zamani usiitupe nzima, maana jalalani itaokotwa na mtoto atakayeweka betri. Toa betri, fungua kofia ya nyuma, kata au ng'oa waya au springi inayopeleka umeme, ziba tundu la mbele kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na masizi, ndipo uiweke kwenye taka za umeme.